Barua ya malalamiko: masharti ya kiolezo yanayosomwa mara moja tu

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Kuhusu: kasoro za masharti katika violezo vya miradi, na dai la kurudishiwa tofauti ya bei

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu. Mmetangaza kwamba dawati lenu linajibu kwa Kiswahili, basi tunakuandikia kwa Kiswahili, asiwepo wa kusema hakuelewa.

Sisi tunafunga programu za hesabu na mishahara kwenye makampuni ya Haut-Katanga, na programu yenu ndiyo tunayoitumia kumwongoza mteja mpya tangu mkataba hadi mshahara wa kwanza. Tulihamia mpango wenu wa bei ya juu kwa sababu moja: masharti ndani ya violezo, yaani kanuni zinazoangalia majibu katika visanduku vya mteja na kuamua ni kazi zipi za orodha iliyotayarishwa zitokee kwenye mradi wake. Ahadi ilikuwa kwamba kiolezo kimoja kingetosha wateja wote, kazi isiyomhusu mteja ikijificha yenyewe. Wakati huo tulikuwa na violezo 7. Leo tunavyo 11.

Kasoro ya kwanza ndiyo inayozaa nyingine. Programu yenu inasoma masharti mara moja tu, pale mradi unapofunguliwa, kisha haiyarudii tena. Na kisanduku kitupu inakihesabu kuwa jibu: kikiwa cha tarakimu, kwake ni sifuri, kikiwa cha kuchagua, kila sharti la "si fulani" linakubalika. Moja peke yake tungeivumilia. Zikikutana, zinazaa mradi wenye makosa ambao kwa macho hauna kasoro yoyote.

Chukua mchango wa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi. Kampuni binafsi yenye wafanyakazi hadi 50 hulipa asilimia 3 ya mishahara. Kuanzia 51 hadi 300, asilimia 2. Ikipita 300, asilimia 1. Kiolezo chetu kina kazi tatu, moja kwa kila kiwango, zote zikitegemea kisanduku "Idadi ya wafanyakazi". Siku ya kutia saini, idadi hiyo mara nyingi haijafika. Mhusika wa mishahara bado anapanga orodha, na makampuni yanayofanya kazi migodini huwa na watu wa mkataba mfupi ambao haijaamuliwa kama wataingizwa. Basi mradi unafunguliwa na kisanduku kitupu. Programu inaona sifuri, sifuri iko chini ya 51, inatoa kazi ya asilimia 3. Siku nne baadaye mteja anajaza 340. Ndani ya mradi hakuna kinachosogea: kazi ya asilimia 3 imebaki palepale, ya asilimia 1 haitokei, wala hakuna onyo. Fundi anayefuata orodha kama alivyopewa ataweka kiwango kibaya, na hatakuwa na kosa. Kwa mishahara ya dola 200,000 kwa mwezi, mteja ataandikiwa dola 6,000 mahali pa 2,000.

Dawati lenu lilitujibu kwamba "mteja ajaze kila kitu kabla mradi haujafunguliwa". Lakini kukusanya majibu hayo ndiyo kazi ya mradi wenyewe! Mteja angekuwa nayo yote siku ya kwanza, tusingehitaji programu yenu. Karatasi moja ingetosha.

Kuna pia viunganishi. Kundi la masharti linakubali "na" tupu au "au" tupu, haviwezi kuchanganywa. Sisi tunataka kazi ya "Pokea cheti cha ARSP" (mamlaka inayosimamia ukandarasi mdogo) itokee pale mteja ni mkandarasi mdogo, na aina ya kampuni ni SARL (ya dhima yenye kikomo) au SA (ya hisa). Haiwezekani kuiandika hivyo. Inabidi kazi iandikwe mara mbili, ya SARL na ya SA, na siku maelezo yake yanapobadilika, nakala moja inarekebishwa na ya pili inasahauliwa.

Kasoro ya maneno nayo imetuchosha. Sharti halishiki chaguo lenyewe, linashika herufi zake. Tukibadilisha "SARL" kuwa "S.A.R.L." katika orodha ya kuchagua, masharti yote yanabaki na herufi za zamani, yanaonyesha alama ya kijani, na hayatimii tena kamwe. Ni vilevile kwa "Établissement" (biashara ya mtu mmoja): mteja akiingizwa kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lililopoteza alama juu ya E, programu inamwona kuwa aina nyingine kabisa. Hapa kwetu nusu ya majina ya visanduku ni ya Kifaransa, hilo si jambo la mara moja kwa mwaka. Kila chaguo lingepewa namba yake ya ndani isiyobadilika, na sharti likashika namba hiyo, tatizo lingekwisha.

Sasa kazi zilizofichwa. Kwenye ukurasa wa mteja hazionekani, lakini ndani ya hesabu zenu bado zipo. Mteja mwenye ofisi moja hafanyiwi kazi za matawi. Katika kiolezo chetu chenye kazi 60, kwake zinajificha 18. Akimaliza 42 zake zote, ukurasa unamwonyesha asilimia 70. Anapiga simu kuuliza tumeacha nini, na hatuna la kumwonyesha. Kibaya zaidi ni mfuatano: "Jaribio la mishahara" linangoja "Orodha ya matawi imepokelewa". Hiyo ya matawi ikijificha, programu inaihesabu kuwa haijafanyika, na jaribio linabaki limefungwa kwa kufuli ambayo mteja hawezi kuiona, achilia mbali kuifungua.

Tunajua kipo kitufe cha kusoma masharti upya kwa mkono. Hicho hatukigusi tena, na tunaomba mkiondoe hadi kirekebishwe. Kikibonyezwa, kazi yoyote ambayo sharti lake halitimii sasa inafutwa, hata kama imekwisha kufanyika, pamoja na faili zilizopachikwa humo. Mteja aliyepakia nakala ya RCCM (usajili wa biashara) na barua ya NIF (namba ya mlipakodi) kutoka DGI, idara ya kodi, anaombwa azilete tena, kwa sababu tu mtu alisahihisha aina ya kampuni yake. Kisanduku cha kuthibitisha kinauliza "Endelea?" bila kutaja kitakachofutwa. Na kumbukumbu za mradi zinaandika mstari mmoja, "Masharti yamesomwa", bila kusema lipi lilitimia, lipi halikutimia, na kwa thamani gani.

Kwa sasa tunazunguka hivi. Kila orodha ya kuchagua ina chaguo la "Haijulikani bado", ndilo linalotangulia, ili kisiwepo kisanduku kitupu. Kisanduku cha idadi ya wafanyakazi tumekiondoa, mahali pake tumeweka chaguo la ngazi tatu. Masharti yote yameandikwa kwa kukubali ("ni SARL"), hakuna la kukana. Mfuatano haushikwi kwenye kazi inayoweza kujificha. Unashikwa kwenye kazi ya kudumu, "Hatua ya 2 imefungwa", ambayo msimamizi anaifunga mwenyewe. Tena mradi unafunguliwa mara mbili: kwanza mdogo wa maswali 9, kisha, majibu yakikamilika, ule mkubwa. Inafanya kazi. Ila ni ujanja wa kuziba matundu katika kitu tunachokilipia bei ya juu, na ndio uliotufikisha kwenye violezo 11.

Tunachodai ni hiki. Masharti yasomwe upya kila kisanduku kinachohusika kinapobadilika, na kabla ya kugusa chochote programu ionyeshe kazi zitakazoongezwa na zitakazoondoka. Kazi iliyokwisha kufanyika iwekwe kando na faili zake, isifutwe. Kitupu kiwe hali yake yenyewe, si sifuri wala "hapana". Kazi iliyofichwa itoke kwenye asilimia na kwenye mfuatano. Viunganishi na namba za chaguo vinaweza kufuata baadaye. Kufutwa kwa faili hakuwezi kungoja.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likiwa na tarehe ya kila rekebisho. Mpaka masharti yatakapofanya kazi kama yalivyouzwa, turudishieni tofauti ya bei kati ya mpango wa kawaida na wa juu kwa miezi yote 8 tuliyolipa. Tumeambatanisha kiolezo cha majaribio chenye kazi 6 tu: kifungueni na kisanduku cha wafanyakazi kikiwa kitupu, kisha jazeni 340, mtaona wenyewe.

Wako,

Kwa niaba ya timu ya kupokea wateja wapya,
Lubumbashi