Risala ya Wafugaji Nyuki wa Misungwi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Nyuki Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu wetu wa sayansi ya nyuki, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Nyuki wa Wilaya, viongozi wa dini, wanafunzi wa chuo kikuu mliofuatana na Mgeni Rasmi, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha hapa manzukini, penye mizinga yetu, leo tarehe 20 Mei. Nawe tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kuja na vijana wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu ni wakulima wa pamba na mpunga. Mizinga ya magogo tumeirithi kwa wazee, ya kisasa tumeianza karibuni. Kurina tunajua, kupaka nta ili mzinga upate kundi tunajua. Afya ya nyuki ndiyo ilikuwa inatupiga chenga. Kundi likihama tulisema limechoshwa na mahali, basi.

Asubuhi hii vijana wako wametufumbua macho. Walitafuta kwanza malkia alipo ili wasimguse, wakachota nusu kikombe cha nyuki kutoka kwenye sega lenye majana (watoto wa nyuki), takriban nyuki 300, wakawatia kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu pamoja na sukari ya unga. Wakaitikisa, kisha wakakung'uta sukari ile kwenye sinia jeupe lenye maji. Sukari ikayeyuka, vikabaki vidudu vyekundu vya kahawia, vidogo kama mbegu za ulezi. Hao ndio utitiri wa varoa, kimelea cha nyuki, uliotoka kwa nyuki wa Asia, ukagunduliwa Afrika Kusini mwaka 1997 na kwa jirani zetu Kenya mwaka 2009. Nyuki wenyewe walirudishwa mzingani wakiwa hai, wamejaa unga, na wenzao wakaanza kuwalamba.

Umetueleza pia kwamba nyuki wetu wa Afrika huuhimili utitiri huu kuliko nyuki wa Ulaya, na kwamba huko Marekani Profesa Marla Spivak wa Chuo Kikuu cha Minnesota amefanya kazi miaka mingi kuchagua makundi ya nyuki wasafi, wanaonusa majana yenye ugonjwa chini ya kifuniko cha nta, wakayafunua na kuyatoa nje. Kwa hiyo leo hatuombi dawa. Dawa itabaki kwenye nta yetu na asali yetu, na tunaweza kuwaharibu nyuki ambao wengine wanawatafuta kwa gharama. Tunaomba utafiti ufanyike kwa nyuki hawa hawa wa kanda ya Ziwa.

Hapa turuhusu tuseme linalotuuma. Miaka ya nyuma walikuja watafiti wakakata masega yenye majana, wakatujazisha fomu, wakaahidi majibu. Hayakurudi. Mama mmoja kati yetu bado anauliza nyuki wake walikutwa na nini, na sisi viongozi hatuna la kumjibu. Ombi letu la kwanza na kubwa kuliko yote ni kwamba kila sampuli itakayotoka hapa irudi na jibu, kwa Kiswahili, kwa mwenye mzinga.

La pili, wanafunzi waletwe mafunzo kwa vitendo msimu mzima, waone kundi wakati wa maua na wakati wa njaa. Chakula na malazi tutasaidiana.

La tatu linahusu pamba. Inapochanua, nyuki wanaifuata, na ndipo viuatilifu vinapopulizwa, mara nyingi saa za asubuhi wakiwa mauani. Tumeokota nyuki wafu mlangoni mwa mizinga kwa viganja. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kinachoshughulika na pamba, kiko hapa hapa wilayani. Tunaomba wataalamu wa pamba na wa nyuki wakae pamoja, waje mikutano ya vijiji na kuwashawishi wakulima wapulize jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Sisi wenyewe tumeanza kuwaambia majirani, lakini neno la mtaalamu lina uzito wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.