Bomba la baharini hujichimbia shimo lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu mabomba yanayolazwa chini ya bahari. Nimezamia miaka mingi hapa Tanga, kwanza kwa kutafuta jongoo bahari, baadaye kwa vibarua vya kukagua magati na mabomba. Siku hizi gumzo la barazani ni bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, na vijana wananiuliza kama likifika baharini litakuwa salama. Lile halilali mchangani. Mafuta yanapelekwa melini kwa gati refu lililosimama juu ya nguzo. Lakini swali lao ni la haki, maana pwani yetu ina mabomba yaliyolala chini, kama lile linalovusha gesi ya Songo Songo hadi bara tangu 2004, na wengi tunaamini kwamba bomba likishafukiwa, limefukiwa moja kwa moja.

Mimi niliacha kuamini hivyo mwaka ambao wavuvi waliniita nikawafungulie jarife lililonasa kwenye bomba. Miezi michache nyuma, wakati wa kaskazi, nilikuwa nimelipwa kukagua bomba lile lile, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mchanga umelifunika. Kisha likaja kusi, bamvua, yaani maji makubwa, baada ya bamvua. Niliposhuka mara ya pili nilipitisha mkono chini ya bomba hadi begani, na kiganja kikatokea upande wa pili. Lilikuwa linatetemeka, nililisikia kifuani kabla sijaligusa. Nilipotoa taarifa, wenye bomba walinijibu kwamba michoro inaonyesha limefukiwa.

Yanayotokea chini kule yanaeleweka vizuri. Mkondo unapoligonga bomba, maji ya upande wa mbele husukuma zaidi ya yale ya nyuma. Tofauti hiyo huyapenyeza maji ndani ya mchanga, chini ya bomba, mpaka mchanga ufoke upande wa pili kama uji uliozidi moto. Tundu likishapatikana, maji hupita humo kwa kasi na shimo hukua. Kwa bomba lililotulia, majaribio ya watafiti Sumer na Fredsøe wa Denmark yanaonyesha kwamba mkondo huchimba kina cha kama sehemu 6 kwa 10 za unene wa bomba, kisha shimo likatulia.

Balaa ni bomba lisipotulia. Nyuma yake maji hufanya vimbunga vidogo vinavyobanduka kwa zamu, kimoja juu, kingine chini, na kila jozi hulivuta bomba juu na kulirudisha. Bomba nene la sentimita 30, kwenye mkondo wa nusu mita kwa sekunde, huvutwa hivyo mara moja kila sekunde 3 hivi. Kipande kinachoning'inia kikiwa kifupi, kimekaza na hakijali. Kikirefuka mara mbili, kasi yake ya asili ya kutetemeka hushuka hadi robo, na siku itakapokaribiana na mapigo ya vile vimbunga, bomba linaanza kucheza. Kila likishuka hukamua maji yaliyo chini yake, nayo yakitoka hutoka na mchanga. Shimo hupita lile la bomba lililotulia, kwa kina na kwa upana, kipande kinachoning'inia kinazidi kurefuka, na chuma kinachoka, hasa pale palipochomelewa.

Wajenzi wa uzio wa samaki wanalijua jambo hili bila maabara. Mti wa uzio unautikisa tu. Mchanga unalegea, mti unashuka wenyewe. Bomba nalo likiwa juu ya mchanga mtupu laweza kuzama katika shimo lake na kufukiwa upya, na wapo mafundi wanaolifungia pezi mgongoni makusudi ili lijizike. Lakini bahari yetu si mchanga mtupu. Ni mwamba wa matumbawe, mchanga kidogo, mwamba tena. Bomba lililoegemea miamba miwili haliwezi kushuka. Linabaki hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Kumwaga mawe chini yake husaidia, ingawa mawe yakimwagwa ovyo huua matumbawe, na pembezoni mwa rundo hilo mkondo huanza kuchimba upya.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa wenye mabomba na wanaowasimamia ni ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na baada yake. Nasema hivyo kwa sababu karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe wakati wa kaskazi haikufaa kitu miezi michache baadaye. Urefu wa kila kipande kinachoning'inia upimwe, na BMU za vijiji, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zipewe vipimo hivyo, kwa kuwa nanga na nyavu za watu hupita pale pale. Wavuvi nao waulizwe zinakonasa nyavu zao. Aliyeniita siku ile alijua lilipo shimo kabla yangu na kabla ya mwenye bomba, na hakuna aliyemuuliza.

Wakati wa maleleji, Oktoba na Novemba, bahari imetulia na maji yanaanza kung'aa. Mzamiaji huona mbali. Kazi hiyo ianze hapo.

Mzamiaji mstaafu,
Sahare, Tanga