Kuhani mpiganaji asigawanywe nusu kwa nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaandikie vijana wanaocheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili huku kanuni wakizisoma kwa Kiingereza. Mchezo huu wa kuigiza wahusika wa kubuni ulitolewa Marekani mwaka 1974. Unachezwa kwa penseli, karatasi na dadu za pande mbalimbali, na kanuni za msingi za toleo la tano zinapatikana bure na kihalali mtandaoni. Bei ya vitabu si kisingizio tena. Kinachokwamisha meza nyingi ni hesabu, hasa anapoundwa kuhani mpiganaji, yaani mhusika mmoja mwenye fani mbili, ngao mkono huu na dua mdomoni.

Kosa kubwa ni kumgawa nusu kwa nusu. Mchukue aliye ngazi ya 6, yaani hatua ya sita ya kukua kwa mhusika, tatu za upiganaji na tatu za ukuhani. Mpiganaji mtupu wa ngazi hiyo anashambulia mara mbili kwa zamu tangu ngazi ya 5, na sifa zake, yaani namba za Nguvu, Hekima na nyinginezo, amezipandisha mara mbili. Kuhani mtupu ana dua, yaani miujiza yake, za daraja la 3. Huyu wa nusu hana hata kimojawapo, wala sifa zake hazijapanda hata mara moja, kwa sababu nyongeza ya kwanza hutolewa katika ngazi ya 4 ya fani, si ngazi ya 4 ya mhusika. Njia mbili zilimshinda fisi.

Ushauri wangu ni ngazi moja tu ya upiganaji, nayo iwe ya kwanza kabisa. Zote zinazofuata ziwe za ukuhani.

Mpangilio huo una sababu. Fani ya kwanza ndiyo pekee inayokupa umahiri wa kujinusuru, yaani nyongeza kwenye dadu unaporusha kuepuka madhara. Ya pili haikuongezei. Mpiganaji hupata Nguvu na Ustahimilivu, kuhani hupata Hekima na Mvuto. Dua bora za kuhani ni za kushikilia, yaani zinadumu kwa umakini wako na ukiupoteza zinakatika, na kila ukijeruhiwa lazima urushe dadu ya pande 20 kwa Ustahimilivu ufikishe 10, au nusu ya madhara uliyopata kama nusu hiyo inazidi 10. Mwenye Ustahimilivu 16 aliyeanza na ukuhani anaongeza 3, hivyo anafaulu mara 14 katika 20. Aliyeanza na upiganaji anaongeza 5, yaani 3 hizo na 2 za umahiri, anafaulu mara 16. Akifika ngazi ya 9 umahiri wake umekua, anafaulu mara 18, na mwenzake amebaki palepale. Gharama yake ni kwamba ukianza na upiganaji unakosa umahiri wa kujinusuru kwa Hekima, na adui wa kupumbaza akili atakusumbua zaidi. Bado naona biashara hii inalipa.

Sasa tumuunde. Masharti ya kuchanganya fani hizi ni Hekima 13, pamoja na Nguvu au Wepesi 13. Kwa namba za kawaida za kugawa kwenye sifa sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, weka 15 kwenye Hekima, 14 Ustahimilivu, 13 Nguvu, 12 Wepesi, 10 Mvuto na 8 Akili. Jamii yake awe mbilikimo wa vilimani. Huyo anaongeza Ustahimilivu kwa 2 na Hekima kwa 1, zote zinafika 16, tena anapata pointi moja ya uhai zaidi kila ngazi. Na kuna jambo wengi hulipita: deraya ya mabamba inataka Nguvu 15, na asiyefikisha hupunguzwa mwendo kwa futi 10. Mbilikimo hapunguzwi. Siku kikundi kitakapopata sarafu 1,500 za dhahabu, atavaa mabamba na Nguvu yake ileile ya 13.

Mwanzoni ana deraya ya minyororo, kinga 16, yaani namba ambayo adui lazima aifikishe kwa dadu ili ampate. Ngao inaongeza 2. Katika mitindo ya kupigana achague Ulinzi, unaoongeza 1, jumla 19. Goblini, adui mdogo wa kawaida, mwenye nyongeza ya 4 sasa anampata mara 6 katika 20 badala ya 7. Tofauti ni ndogo, ila kila pigo linalokosa ni dua isiyowekwa rehani. Uhai wake ngazi ya 1 ni 14, na kila ngazi ya ukuhani, akichukua wastani, inaongeza 9. Ngazi ya 5 ana 50.

Kwenye kanuni za bure tawi la ukuhani, yaani aina ya kuhani, ni moja tu, la Uhai, na halina hasara. Kila dua ya kuponya inarudisha pointi 2 zaidi, ukijumlisha na daraja la nafasi iliyotumika, yaani akiba inayoliwa dua inaposomwa. Ponya Majeraha ya daraja la 1 inakuwa dadu ya pande 8, na 3 za Hekima, na 3 za tawi. Ruhusa ya tawi hili kuvaa deraya nzito haimsaidii, maana upiganaji ulishampa. Hilo tusilifiche: kuhani mtupu wa Uhai naye huvaa minyororo, kwa hiyo ngazi ya upiganaji inanunua kujinusuru, kinga 1, silaha za kivita na kuvuta pumzi ya pili, yaani kurudisha uhai kwa dadu ya pande 10 ukijumlisha 1, mara moja kila baada ya pumziko. Malipo yake ni kuchelewa ngazi moja. Walinzi wa Kiroho, dua ya daraja la 3, watakuja ngazi ya 6 badala ya 5.

Nyundo yake isitegemewe. Kwa Nguvu 13 mwanzoni anaongeza 3 tu kulenga na 1 kwenye madhara. Silaha ya Kiroho, dua ya kushambulia, inatumia Hekima, inapiga kwa kitendo cha ziada juu ya kitendo kikuu cha zamu, na haihitaji kushikiliwa, kwa hiyo inakwenda pamoja na dua ya Baraka, ambayo hushikiliwa, bila kugombana. Akifika ngazi ya 4 ya ukuhani apandishe Hekima iwe 18.

Hapo ndipo meza hukosea hesabu. Dua za kuandaa ni ngazi za ukuhani ukijumlisha nyongeza ya Hekima: 4 na 4 ni 8, si 9, hata kama mhusika ni wa ngazi ya 5. Nafasi za dua nazo hufuata ukuhani peke yake: nne za daraja la 1, tatu za daraja la 2. Umahiri na nguvu za dua ndogo zisizokula nafasi ndivyo vinavyofuata ngazi zote kwa pamoja.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa mikono. Nembo takatifu, inayosimama badala ya kifaa cha dua, ichorwe kwenye ngao. Dua yenye ishara ya mkono na kifaa, kama Baraka au Walinzi wa Kiroho, itafanywa kwa mkono huohuo wa ngao. Lakini Ponya Majeraha, Silaha ya Kiroho na Mwali Mtakatifu zina ishara bila kifaa, hivyo zinataka mkono mtupu. Angusha nyundo, soma dua, kisha iokote. Kuokota kitu kimoja kwa zamu ni bure. Ngao usiivue, kwa kuwa kuivaa tena kunakula kitendo kizima. Neno la Uponyaji ni sauti tupu, halidai mkono, na linafika futi 60. Hilo liandaliwe kila siku, ila zamu utakayolitumia kwa kitendo cha ziada, dua nyingine itakayoruhusiwa ni ndogo tu.

Hesabu zote hizi ni za kanuni za 2014. Katika marekebisho ya 2024 tawi huchaguliwa ngazi ya 3 ya ukuhani, Silaha ya Kiroho inahitaji kushikiliwa, na kuhani anaweza kupata deraya nzito na silaha za kivita tangu ngazi ya 1 bila kuazima upiganaji. Mwendesha mchezo atamke ni kanuni zipi kabla mtu hajaandika namba ya kwanza.

Wako,
Msomaji na mchezaji,
Tanga