Barua kwa Kaka, kuhusu saa ya Babu

Kaka, assalamu aleikum.

Mama anasema hupokei simu zangu kwa sababu ya kazi. Haya. Nakuandikia hapa basi, maana najua usiku huko Nairobi hulali mpaka uperuze simu.

Saa ya Babu inatembea. Tangu Jumanne. Nimeilaza juu ya kitambaa, inapiga mara tano kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa moja, na kwa siku nzima inachelewa dakika mbili tu. Ukiiweka wima inachelewa zaidi. Hilo bado nalitafutia dawa. Jana niliisikiliza nikamwona Babu na kizibao chake cha ugadi wa treni, anaitoa mfukoni tukikaribia daraja la Nile, mshale uko kwenye kumi na mbili naye anatamka "saa sita" bila hata kuwaza.

Sasa ile arobaini ya Baba. Najua hutaki. Wajomba wamekaa chini ya turubai, pilau imepakuliwa, nawe ukaitoa saa mfukoni, ukafungua kasha mbele ya watu, skrubu ikadondokea kwenye sinia. Ukaichomoa katikati ya wali, ukaiinua juu: "Saa ya Babu imetaga!" Walicheka wote, mpaka shehe. Kisha ukaninyooshea kidole: "Ilikuwa nzima, huyu fundi wenu ndiye aliyeichokonoa."

Haikuwa nzima, Kaka.

Kazi hii nakushauri nawe ujifunze, itakupunguzia hasira. Anza na saa mfu isiyo na mwenyewe. Kabla ya kugusa chochote, achia kamani, ile springi inayoipa saa nguvu: shika kijazio, yaani kile kitufe cha kujazia, sukuma kwa kijiti kikwamizi, kile kijino kinachoizuia kamani isifunguke, kijazio kizunguke polepole katikati ya vidole mpaka nguvu iishe. Mimi sikujua. Nililegeza skrubu kamani ikiwa imejaa, magurudumu yakavuma kama nyuki, ncha ya moja ikakatika. Hilo ni langu, nimekiri. Lakini nani angenifundisha? Mwenye mshahara ulikuwa wewe, na mafundi walikuwa Kampala. Mimi nilikuwa na bisibisi ya miwani.

Halafu jiulize: saa imesimama na kamani imejaa, maana yake nini? Maana yake haikuishiwa nguvu. Ilikuwa na ugonjwa kabla yangu. Nilipoifungua tena mwaka huu, na lenzi jichoni, nikauona: ekseli ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kuipa saa mwendo, imevunjika ncha. Ncha ile ni nyembamba kama unywele, na huvunjika saa ikianguka. Idi ile, barazani, kwenye saruji. Nilikuona. Nilikuwa na miaka tisa, sikumwambia Baba, na Baba aliijaza na kuijaza akidhani ni uzee wa saa. Nimenyamaza miaka yote hiyo, wewe ukashindwa kuninyamazia siku moja mbele ya wajomba.

Bahati yetu Babu alinunua Waltham. Wamarekani wale walitengeneza vipuri kwa mashine, hivyo cha saa hii huingia kwenye mwenzake wa toleo lilelile. Kiwanda kilifungwa 1957 lakini mizoga yake bado inauzwa. Nikaagiza mmoja, nikauchinja: gurudumu la mizani pamoja na unywele wake, yaani springi yake nyembamba, na lile gurudumu nililoliua mimi. Nikaosha vyote kwa benzini, nikatia mafuta kwa ncha ya sindano. Mke wangu anasema jikoni kunanuka kama kituo cha petroli. Ana haki.

Imebaki kitu kimoja. Mashine hushikwa ndani ya kasha kwa skrubu mbili, na hapa ipo moja. Mama ameniambia ile ya pilau uliifunga kwenye tishu ukaitia kwenye pochi, na kwamba mpaka leo unayo. Nilijaribu ya ule mzoga, ikaingia bila shida. Nimeitoa.

Ifunge vizuri, umpe kondakta wa basi la usiku, nitamngoja Jinja stendi. Au ilete mwenyewe.