Albamu za rapu zimekosa mkasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nipingane, kwa heshima, na mchambuzi wenu wa muziki, ambaye katika tathmini yake ya albamu mpya za rapu alilalamika kuwa wasanii wanatoa kazi fupi mno na kwamba albamu yenye nyimbo 10 ni kumpunja shabiki. Mimi nimekuwa shabiki wa hip hop tangu enzi za kanda, na kwa maoni yangu ugonjwa uko upande wa pili kabisa. Albamu nyingi zinazotoka sasa ni ndefu kuliko mawazo yaliyomo ndani yake, na anayekosekana studioni ni mtu mwenye kazi kama yako, yaani mtu wa kupitia kilichorekodiwa, kukuna kichwa, kisha kushika mkasi.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha hapa. Desemba 2014 chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la nchini Marekani, ilianza kujumlisha usikilizaji wa mtandaoni na mauzo, na kiwango kilichowekwa wakati ule kilikuwa kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 zinahesabiwa kuwa nakala moja iliyouzwa. Viwango hivyo vilirekebishwa baadaye, lakini mantiki imebaki ileile. Kwa kipimo hicho cha mwanzo, albamu ya nyimbo 10 ilibidi isikilizwe mwanzo hadi mwisho mara 150 ndipo ihesabiwe nakala moja, ilhali ya nyimbo 25 ilitosha kusikilizwa mara 60. Ukikumbuka pia kwamba Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa mara tu sekunde 30 zinapotimia, hutashangaa kuona kwamba mwaka 2018 kundi la Migos lilitoa Culture II yenye nyimbo 24, na Drake akatoa Scorpion yenye nyimbo 25. Sidai kwamba wasanii hao waliingia studio na kikokotoo mkononi. Ninachosema ni kwamba soko linalomlipa mtu kwa ukubwa wa gunia lisilalamike likikuta chuya ndani ya mchele.

Zamani mkasi ulikuwepo hata pale ambapo msanii mwenyewe hakuwa na hekima ya kuutumia. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na ushei, basi, na kilichozidi hapo kilibaki nje. Illmatic ya Nas, iliyotoka mwaka 1994, ina nyimbo 10 pamoja na utangulizi, na haifiki dakika 40. Baadaye CD zilipozoeleka, marapa wakapata zaidi ya dakika 70 za kujaza, nao wakazijaza kwa vichekesho na mazungumzo ya simu ambayo sote tulijifunza kuyaruka bila hata kutazama kitufe. Intaneti ikaja kuondoa mpaka wenyewe.

Kuhusu mikstepu, mchambuzi wenu aliichanganya na albamu kana kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja, na hapa naomba nikae kidogo. Mikstepu haikuwa albamu ya bei nafuu. Rapa alichukua mdundo wa wimbo wa mtu mwingine uliokuwa ukivuma, akauandikia mistari mipya, DJ akaunganisha nyimbo hizo huku akipiga kelele katikati, na kazi ikasambazwa kwa mkono au ikagawiwa bure mtandaoni. Ndivyo 50 Cent alivyorudi mwaka 2002 baada ya lebo yake kumwacha, na ndivyo Lil Wayne alivyotamba na Da Drought 3 mwaka 2007, akipita juu ya midundo ya wenzake na kuwafanya wenye nyimbo waonekane wageni katika nyumba zao wenyewe. Kwa kuwa midundo haikuwa na vibali, kazi hizo zilikuwa nje ya sheria za soko, na tarehe 16 Januari 2007 polisi walivamia ofisi ya DJ Drama mjini Atlanta na kumkamata kwa tuhuma zilizotokana na biashara hiyo. Hata leo athari za kukosa vibali zipo: No Ceilings, ambayo Lil Wayne aliitoa bure mwaka 2009, ilipofikishwa kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mwaka 2020 ilikuja ikiwa imepungukiwa nyimbo kadhaa.

Mikstepu, basi, ilikuwa na haki ya kuwa ndefu na kuchafuka, kwa sababu ilikuwa daftari la mazoezi lililoachwa wazi watu wasome. Albamu haina haki hiyo. Tatizo la miaka hii ni kwamba jina mikstepu limegeuzwa kinga: kazi inauzwa kama albamu, inapigiwa debe kama albamu, lakini ikikosolewa tunaambiwa tusiwe wakali, kwani ilikuwa mikstepu tu. Future aliita kazi yake ya Septemba 2024 Mixtape Pluto, nyimbo 17 bila mgeni hata mmoja, na mashabiki wengi wakasikia ndani ya jina hilo ahadi ya kurudi kwa yule Future wa Monster na 56 Nights, kazi alizogawa bure kati ya 2014 na 2015. Nimeisikiliza mara nyingi. Sauti imerudi, lakini ile hatari ya mtu anayerekodi kana kwamba kesho haipo haikurudi nayo.

Linganisha kazi mbili nyingine, uone jinsi majina yalivyopindana. Playboi Carti alitoa Machi 2025 albamu inayoitwa Music, nyimbo 30, na ndani yake DJ Swamp Izzo anapaza sauti katikati ya nyimbo kwa mtindo uleule wa kanda za zamani. Hiyo ni mikstepu iliyovaa suti. Kwa upande mwingine Doechii alitoa Agosti 2024 kazi aliyoiita mikstepu, Alligator Bites Never Heal, yenye nyimbo 19 ambazo kwa pamoja hazifiki dakika 50, na humo kuna wimbo anaobishana na sauti inayomhoji kama mshauri wa mambo ya nafsi hadi vichekesho vinageuka kuwa uchungu bila msikilizaji kujua ni mstari gani uliomgeuza. Februari 2025 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rapu, na Doechii akawa mwanamke wa tatu kuipata, baada ya Lauryn Hill akiwa na Fugees, na Cardi B. Nyimbo 19 si chache, nakiri, lakini nyingi ni fupi na zimekatwa pale hasa zilipopaswa kukatwa.

Wala nisieleweke kwamba ufupi peke yake ni sifa. Mwaka 2018 Kanye West alisimamia utayarishaji wa albamu mbili zenye nyimbo saba kila moja, zikatoka kwa kupishana wiki moja: Daytona ya Pusha T, ya dakika 21, na Ye, ya kwake mwenyewe, ya dakika 23. Ya kwanza imekamilika hata huwezi kuingiza neno. Ya pili, kwa sikio langu, ni rasimu iliyotolewa kabla wino haujakauka.

Pusha T huyohuyo alirudi na nduguye Malice mwezi Julai 2025 kama Clipse, kwa albamu yao ya kwanza tangu 2009, nyimbo 13, zote zikiwa zimetayarishwa na Pharrell Williams. Inafunguliwa na wimbo ambamo mmoja anamwomboleza mama yao na mwingine anamwomboleza baba yao, kila mtu ubeti wake. Wangeweza kuongeza ubeti wa tatu wa kutuambia tujisikieje, nao wakaacha. Kendrick Lamar naye aliitoa GNX Novemba 2024 bila tangazo lolote, nyimbo 12 katika dakika 44 hivi, na sauti ya mwimbaji wa mariachi, muziki wa jadi wa Mexico, Deyra Barrera, iliyoifungua inarudi hadi wimbo wa mwisho na kuishona kazi nzima. Hata hiyo ningeipunguza: wimbo uliobeba jina la albamu unawaachia wageni nafasi kubwa kuliko walichokuja nacho.

Ombi langu kwa meza yako ya burudani ni dogo. Tathmini nyingi huandikwa siku ileile albamu inapotoka, wakati mwandishi hajapata hata muda wa kuichoka, na ndiyo maana zinaishia kuhesabu nyimbo na kutaja wageni. Naomba mchambuzi wenu asubiri wiki mbili, kisha atuambie ni nyimbo gani angezitoa, na kwa nini. Mimi katika zile 30 za Carti ningebakiza 12, na niko tayari kuzitetea moja baada ya nyingine akitaka tubishane katika ukurasa huuhuu.

Wako mwaminifu,
Shabiki wa hip hop na msomaji wenu wa siku nyingi