Gari Linalozimika Ghafla Kisha Likawaka Tena: Jinsi Tunavyoutafuta Ubovu Unaojificha

Wateja wengi wenye magari ya zamani hutuletea lalamiko linalofanana: gari huzimika ghafla likiwa katika mwendo, hukataa kuwaka kwa dakika 10 au 20, kisha huwaka kana kwamba halikuwa na lolote. Likifika gerejini huwa linanguruma vizuri, na mwenye gari hubaki akijitetea kana kwamba amesema uongo. Sisi tunamwamini. Hata hivyo, ubovu wa aina hii haupimiki wakati haupo, na ndiyo maana hatukubali kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, hata mteja anapotuomba tufanye hivyo ili aondoke mapema.

Kazi yetu huanza kwa maswali. Je, gari lilizimika likiwa limepata joto au lilikuwa limewashwa punde tu? Tenki lilikuwa na mafuta kiasi gani? Swali tunalolithamini kuliko yote ni hili: lilikata mara moja, kama taa iliyozimwa, au lilianza kwanza kukosa nguvu na kukohoa? Injini inayokata mara moja hutuelekeza kwenye umeme, ilhali inayokufa polepole hutuelekeza kwenye mafuta. Katika gari la gia za mkono, mshale wa mizunguko ya injini nao hutoa ushahidi mzuri, kwa sababu ukianguka hadi sifuri papo hapo huku magurudumu yakiendelea kuizungusha injini, yaelekea ishara ya mzunguko imekatika.

Ishara hiyo, katika magari mengi yenye mfumo wa kompyuta, hutoka kwenye sensa ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Katika aina yake ya kawaida kwenye magari ya zamani, sensa hii ni sumaku ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba sana, nayo husoma meno ya gurudumu linalozunguka pamoja na krenki; kompyuta isipoipata ishara yake haiwezi kujua pistoni zimefika wapi, kwa hiyo hukata moto wa plagi na mafuta kwa pamoja. Waya huo ukichakaa kwa miaka mingi ya joto na mtikisiko, huweza kuachana injini inapopata moto na kugusana tena inapopoa. Fundi akiipima asubuhi injini ikiwa baridi, atasoma vipimo sahihi kabisa na kuihukumu kuwa ni nzima. Sisi huipima ikiwa na joto, ama baada ya kuliendesha gari kwa muda mrefu, ama kwa kuipuliza hewa ya moto huku tukitazama ishara yake. Magari yenye distributa, yaani kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi, huugua kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa wakati mwingine mgonjwa huwa ni koili inayokuza umeme wa plagi, au kifaa kinachoiamuru koili itoe moto.

Ikiwa dalili zinaelekea kwenye mafuta, tunafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta na kuendesha gari likiwa nayo. Magari mengi ya petroli yanayonyunyizia mafuta kwenye njia ya hewa huhitaji presha ya takriban baa 3, na kila modeli ina kipimo chake. Pampu iliyochoka inaweza kushikilia presha hiyo kwa nusu saa kisha ikaiachia, hasa tenki linapokaribia kukauka, kwa kuwa mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza. Kabla ya kuilaumu pampu tunakagua rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, maana risasi ya kulehemu iliyounganisha miguu ya rilei huweza kupasuka na kukata umeme kwa vipindi.

Gari linalozimika pale tu linaposimama, huku likienda vizuri barabarani, mara nyingi lina masizi kwenye mlango wa hewa au kwenye valvu ya sailensa (ile inayopitisha hewa injini inapozunguka bila kukanyagwa mafuta), au mpira wa hewa uliopasuka. Hilo huonekana upesi.

Temino za betri na waya wa ethi, yaani ule unaounganisha upande hasi wa betri na injini, ni rahisi kukagua, lakini hupuuzwa. Tunapima umeme unaopotea kati ya temino hasi ya betri na bloku ya injini wakati stata inapozungusha injini, na kipimo kinachozidi volti 0.5 hutulazimu kusafisha au kubadilisha. Swichi ya funguo nayo hulegea, hasa kwa anayening'iniza funguo nyingi kwenye ufunguo wa gari.

Mashine ya kusoma hitilafu hutusaidia, ingawa kuzimika kwingi hakuachi kumbukumbu yoyote. Hata ikionyesha namba ya hitilafu P0335, maana yake ni kwamba kuna kasoro katika mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki, ambao ni pamoja na nyaya na soketi zake.

Kwa sababu hiyo tunaomba gari libaki kwetu siku moja au zaidi, na tunatoza kazi ya uchunguzi kando na bei ya vipuri. Kabla ya kutuletea gari, mteja akizimikiwa barabarani, tunamsihi asiutoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga. Aukamate usukani kwa nguvu kwa kuwa utakuwa mzito, na akanyage breki mara moja kwa mkazo bila kuiachia, kwani msaada wa breki uliobaki baada ya injini kuzimika hutosha kwa mikanyago michache tu. Baada ya matengenezo tunaliendesha gari katika hali ile ile aliyotueleza, likiwa na joto lile lile na kiasi kile kile cha mafuta, ndipo tunamwita aje kulichukua.