Makala ya watu watano, alama za mtu mmoja

Mhariri,

Kila ikiulizwa kwa nini wahadhiri wa Uganda hatuandiki makala pamoja mtandaoni, lawama huangukia intaneti. Nayo imetutesa kweli. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima, na tangu Julai mwaka huo tunalipa kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Sheria ilisamehe data ya huduma za elimu, lakini bando ninalonunua kwa simu yangu ili nisahihishe makala usiku nyumbani linakatwa kama la mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, vyuo vingi sasa vimeunganishwa na RENU, mtandao wa intaneti wa taasisi za utafiti na elimu nchini Uganda. Mtandao ukiwa mzuri, bado hati ya pamoja hulala bila kuguswa.

Mwaka juzi tulikuwa watano: watatu Kampala, mmoja Gulu, mmoja Mbarara. Tulifungua hati moja mtandaoni tuandike kuhusu ufundishaji wa ngeli kwa wanafunzi wanaozungumza Kiluo. Profesa wetu, anayeijua mada hiyo kuliko sisi sote, aliichapa hati nzima kwenye karatasi, akaisahihisha pembeni kwa kalamu nyekundu, kisha akaniita ofisini. Nikaingiza masahihisho yake ya kurasa 22 kwa akaunti yangu. Leo ukifungua kumbukumbu za mabadiliko, jina langu limejaa kila mahali na lake halipo hata mara moja. Mwenzetu wa Mbarara naye alikuwa akinitumia aya zake kwa WhatsApp. Nilipomuuliza sababu, alijibu: "Dada, nimsahihishe Profesa watu wote wakiona?"

Namwelewa. Tumelelewa kumwambia mkubwa kosa lake faraghani, kwa upole, pengine kwa kumuuliza swali. Hati ya mtandaoni inaandika jina lako na saa uliyomkosoa, na wote wanasoma. Hilo halitatuliwi kwa semina ya siku moja ya kubofya vitufe. Profesa mwenyewe ndiye angepaswa kutuambia mapema, mbele ya wote, kwamba anataka kusahihishwa.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Nilipoomba kupandishwa cheo, kamati iliuliza tu mwandishi wa kwanza ni nani. Majina yalikuwa yamepangwa kwa vyeo, langu likawa la nne. Miezi saba ya kuandika na kuunganisha aya za watu ikanipa alama chache kuliko makala fupi niliyoandika peke yangu. Tangu hapo nimeona wenzangu wakificha rasimu na data zao hadi zichapishwe, na siwezi kuwalaumu.

Ninachoomba si kigumu. Kila makala ya pamoja iambatane na maelezo ya nani alikusanya data, nani aliandika, nani alisahihisha. Majarida mengi duniani yanatumia mpango wa CRediT, unaotaja mchango wa kila mwandishi kwa kufuata orodha ya majukumu 14, nasi tunaweza kuutumia bila gharama. Kisha kamati za vyeo zitoe alama kwa kufuata maelezo hayo, na kazi ya kusahihisha rasimu ya mwenzako nayo ihesabiwe.

Chuoni kwetu kanuni za kupandisha vyeo zinapitiwa upya muhula ujao. Nawaomba wakuu wa idara walifikishe hili kwenye kikao.

Mhadhiri wa Kiswahili,
Kampala